Una kisukari na kila mtu anakushauri cha kula? Hivi ndo unavyopata ushauri unaokufaa wewe

Swali ni lile lile jamani, kila siku: "nimeambiwa nina kisukari, nile nini nisile nini?" Na majibu nayo yale yale, mmoja anasema acha wanga kabisa, mwingine anasema chemsha majani fulani unywe asubuhi, wa tatu anakuja na orodha ndefu ya vyakula vilivyokatazwa na haijulikani nani kavikataza. Mtu anatoka hapo kachanganyikiwa kuliko alivyoingia, wiki ya kwanza anakula majani tu, wiki ya pili kachoka, anarudi kula kama zamani.

Ushauri upo tele, tatizo ni swali lenyewe halijibiki. Ukiuliza "nile nini" bila kusema unatumia dawa gani, sukari inakupanda saa ngapi na sahani yako ikoje, ni kama kumwambia fundi akushonee nguo halafu unakataa kupimwa. Hata Chama cha Kisukari cha Marekani kwenye ripoti yake ya lishe ya 2019 kilisema hakuna mgawanyo mmoja wa wanga, protini na mafuta unaomfaa kila mwenye kisukari. Kwa hiyo ukikutana na mtu mwenye mlo mmoja wa kumponya kila mtu, ujue huyo anauza kitu.

Orodha ya vyakula hutaipata hapa. Nimeandika namna ya kumfuata mtaalamu ukiwa na vitu mkononi, uulize vizuri, halafu uhakikishe kwenye mwili wako kama alichokwambia kinafanya kazi.

Kabla hujaanza, kusanya hivi

- Aina ya kisukari chako. Ya kwanza, ya pili, au cha mimba. Wengi hawajui, na ushauri unatofautiana sana, kwa hiyo kama hujui uliza kwanza.
- Majina ya dawa zote, dozi, na saa unazomeza au kujichoma. Ukishindwa kuyaandika beba maboksi yenyewe. Weka na za presha, na zile za asili usizotaka daktari azijue, hizo hasa.
- Majibu ya vipimo vya karibuni: HbA1c (kile cha wastani wa sukari ya miezi mitatu), figo, mafuta kwenye damu, presha, uzito.
- Mashine ya kupimia sukari na stripi ambazo hazijaisha muda. Kama stripi ni chache tutaona huko mbele.
- Daftari au simu ya kupiga picha.

Jambo moja la mashine: nyingine zinasoma milimoli (unaona 7, 9, 12) na nyingine miligramu (unaona 126, 162, 216). Ni kitu kile kile, unazidisha milimoli kwa 18 unapata miligramu. Watu wanapata presha bure kwa kulinganisha namba za mashine mbili tofauti. Hapa natumia milimoli.

Hatua ya 1: Andika unachokula kweli, siku nne

Siku nne zinatosha, moja iwe ya mapumziko maana siku hiyo watu hula tofauti. Piga picha sahani kabla hujaanza kula na uandike saa. Vinywaji vyote viingie, chai na vijiko vya sukari, juisi, soda, maziwa, na ile mikono miwili mitatu ya kuonja jikoni, na mabaki ya watoto unayoyamalizia.

Kosa kubwa hapa ni kujirekebisha. Mtu akishajua anaandika anaanza kula kama malaika, anampelekea mtaalamu siku nne za uongo, anashauriwa kwa mtu ambaye hayupo. Kula kama kawaida yako. Hakuna anayekupa maksi.

Hatua ya 2: Pima kwa jozi

Hii ndo hatua inayorukwa kuliko zote na ndo yenye faida kuliko zote. Wengi hupima asubuhi tu kabla ya kula, halafu wanataka kujua chakula gani kinawapandisha. Namba ya asubuhi haiwezi kukwambia hilo.

Chagua mlo mmoja, tuseme wa mchana. Pima kabla ya kula, halafu pima tena masaa mawili baada ya tonge la kwanza, sio baada ya kumaliza. Andika namba mbili na picha ya sahani. Fanya hivyo mara tatu nne kwa mlo huo huo kabla ya kuhamia mlo mwingine.

Kwa watu wazima wengi wasio wajawazito, lengo linalotumika sana ni kati ya 4.4 na 7.2 kabla ya kula, na chini ya 10 saa moja hadi mawili baada ya kuanza kula. Ila lengo LAKO linaweza kuwa tofauti, mzee anayeishi peke yake mara nyingi analegezewa, mjamzito anakazwa, kwa hiyo hilo nalo ni la kuuliza.

Nawa mikono kwa maji na sabuni ukauke ndo uchome. Ukimenya tunda halafu ukapima bila kunawa, mashine inasoma sukari ya tunda iliyobaki kidoleni, na wewe unakosa usingizi kwa namba isiyo yako.

Hatua ya 3: Geuza kilio kiwe swali

Sasa una picha na namba. Kaa chini uandike maswali matatu, yasizidi, maana muda ni mdogo na ukienda na kumi utajibiwa nusu nusu.

Swali bovu: "wali unaruhusiwa?"
Swali zuri: "nikila wali sahani hii ya kwenye picha natoka 6.8 naenda 13, nipunguze kiasi gani na nijazie nini nisibaki na njaa?"

Swali bovu: "matunda yana madhara?"
Swali zuri: "nikila tunda moja zima saa kumi jioni sipandi sana ila nikinywa glasi ya juisi napanda, je niache juisi kabisa?" (Jibu lake karibu kila mahali ni ndio. Juisi, hata ya kukamua nyumbani bila sukari, imekusanya sukari ya matunda kadhaa na nyuzinyuzi nyingi zimebaki kwenye makapi, inaingia kwenye damu haraka.)

Swali bovu: "nataka kupungua nifanyeje?"
Swali zuri: "nina kilo hizi, dawa ni hizi, nikipunguza chakula dozi ibadilike lini na nani ataibadilisha?"

Hilo la mwisho lizingatie sana, nalirudia kwenye onyo la chini.

Hatua ya 4: Jua nani wa kumuuliza nini

Mambo ya sahani, kiasi, kubadilisha chakula hiki kwa kile, ni ya mtaalamu wa lishe. Dozi na malengo ya sukari ni ya daktari. Nesi wa kliniki ya kisukari anajua vitu vingi sana vya vitendo na mara nyingi ana dakika nyingi kuliko daktari, msimdharau. Mfamasia muulize dawa imezwe kabla au baada ya chakula na inagongana na nini.

Na mwenzako mwenye kisukari? Ni mzuri sana kwa mambo ya kuishi, namna ya kukataa keki ofisini bila ugomvi, namna ya kusafiri na insulini. Ila usichukue dozi yake wala mlo wake. Yeye anaweza kuwa anatumia vidonge vya metfomini peke yake na wewe uko kwenye insulini, kitu kinachompa yeye afya kinaweza kukuangusha wewe barabarani.

Hatua ya 5: Siku ya miadi

Dakika ya kwanza ndo muhimu. Usianze na historia ya ukoo. Sema hivi: "Nina aina ya pili, natumia dawa hizi, kipimo cha miezi mitatu kilikuwa hiki, mlo unaonisumbua ni wa mchana, nimekuja na picha na namba, na nina maswali matatu." Mtaalamu yeyote akisikia hivyo anakaa vizuri kwenye kiti.

Halafu mwambie ukweli wa maisha yako. Kama nyumbani hupiki wewe, sema. Kama unafanya kazi usiku, sema. Kama hela ya mboga tatu kila siku huna, sema bila aibu, maana ushauri usioweza kuununua ni karatasi tu.

Ukiambiwa "punguza wanga" usiitikie tu ukaondoka. Uliza kiasi gani, kwa kipimo gani, mlo upi. Muombe akuonyeshe kwenye picha yako mwenyewe. Njia rahisi ambayo wengi hufundishwa ni ya sahani: sahani ya upana wa sentimita 23 hivi, nusu ijae mboga zisizo na wanga mwingi, robo protini kama samaki, kuku, mayai au maharage, robo iliyobaki ndo wanga kama wali, viazi, mkate au tambi. (Maharage yana wanga pia, ila yana nyuzinyuzi nyingi, muulize yeye ayahesabu wapi kwako.) Wanaotumia insulini ya kila mlo wanahitaji zaidi ya hapo, kuhesabu gramu za wanga na kujua gramu ngapi zinaendana na uniti moja. Hiyo omba ufundishwe kabisa, usijikadirie.

Kabla hujatoka rudia kwa maneno yako: "kwa hiyo mchana wali nusu ya ule wa kwenye picha, mboga mara mbili, juisi naacha, nakuja baada ya wiki sita, sawa?" Utashangaa mara ngapi utasikia "hapana, sikumaanisha hivyo."

ONYO, soma hapa hata kama utaruka mengine yote

Ukipunguza wanga wakati unatumia insulini au vidonge vinavyolazimisha kongosho kutoa insulini (glibenklamidi, gliklazidi, glimepiridi), sukari inaweza kushuka vibaya. Dawa haijui kama leo umekula nusu. Kwa hiyo kabla ya kubadilisha mlo kwa kiasi kikubwa au kufunga, dozi ijadiliwe kwanza.

Dawa ambazo majina yake yanaishia na "gliflozini" (empagliflozini, dapagliflozini) zina jambo lake. Ukiacha wanga karibu wote au ukikaa na njaa muda mrefu, damu inaweza kujaa asidi ya ketoni hata kama mashine inaonyesha sukari ya kawaida tu. Wanaotaka mlo wa bila wanga kabisa waliulize hili kwanza.

Aina ya kwanza: insulini HAIACHWI, hata siku usiyokula. Dozi inaweza kurekebishwa, kuacha kabisa ni kuhatarisha maisha, na hakuna mmea wa kuziba nafasi yake.

Kama figo zimeanza kusumbua, ushauri wa watu wa kisukari kwa ujumla haukutoshi. Kujaza protini, au kula kwa wingi mboga na matunda yenye potasiamu nyingi, vinaweza kukuletea shida. Ndo maana nimesema nenda na majibu ya figo.

Na sukari ikishuka chini ya 3.9, ukatetemeka, jasho, moyo mbio, kichwa hakielewi, hapo ushauri wa lishe unakaa pembeni kwanza. Chukua gramu 15 za sukari ya haraka, yaani vijiko vya chai vitatu hadi vinne vya sukari kwenye maji, au nusu glasi ya soda ya kawaida (sio ile isiyo na sukari). Subiri dakika 15, pima tena, bado iko chini rudia. Chokoleti haifai hapa, mafuta yake yanachelewesha. Aliyezimia au asiyeweza kumeza asiwekewe kitu chochote mdomoni, ni hospitali haraka.

Hatua ya 6: Jaribu kitu kimoja

Umetoka na mabadiliko matatu, usiyaanze yote Jumatatu. Anza na moja, lile lenye uzito. Tuseme umeacha juisi tu, sahani ni ile ile. Wiki moja hadi mbili, pima jozi zile zile za mlo ule ule. Ikitoka 13 ikaja 10, umejua juisi ilikuwa inachangia kiasi gani, na sasa unapunguza wali kidogo tu badala ya kuufuta. Ukibadilisha vyote kwa mpigo hutajua kipi kilisaidia, na utajinyima vitu ambavyo havikuwa na kosa.

Jaribio lingine la bure ni kupanga utaratibu wa kula: anza na mboga na protini, wanga uje mwisho. Kuna tafiti ndogo zimeonyesha sukari baada ya mlo inapanda juu zaidi ukianza na wanga kuliko ukimalizia nao. Kwako wewe mashine itasema.

Hatua ya 7: Chuja yanayokuja bila kuitwa

Maana yatakuja tu. Shangazi, jirani, video, meseji iliyosambazwa mara elfu. Mimi huwa najiuliza vitu vichache: huyu ameniuliza dawa ninazotumia? Anasema kiasi, au anasema tu "kizuri" na "kibaya"? Anauza anachokisifia? Ananiambia niache dawa? Likiwepo hilo la mwisho sisomi tena, hata kama mengine yote kasema vizuri.

Asali inaletwa sana hapa. Asali ni sukari jamani, inapandisha. Mdalasini, vitunguu swaumu na wenzake, kama kiungo cha chakula hamna shida, kama dawa ya kisukari ushahidi haujatosha kupendekezwa. Vyakula vyenye lebo ya "bila sukari" geuza boksi nyuma usome mstari wa wanga kwa jumla, biskuti bila sukari bado zina unga. Na angalia kipimo cha mlo mmoja, mara nyingine namba nzuri ile ni ya biskuti mbili na wewe unakula pakiti.

Habari ya kwamba aina ya pili inaweza kurudi nyuma sio uongo, ila ina masharti. Utafiti wa DiRECT wa Uingereza uliotolewa 2017 ulionyesha karibu nusu ya waliopewa mpango wa kupungua uzito walifikia sukari iliyo chini ya kiwango cha kisukari bila dawa baada ya mwaka. Lakini walikuwa na kisukari kisichozidi miaka 6, hawakuwa kwenye insulini, na walisimamiwa kwa karibu kwenye mlo wa kalori kidogo sana. Ukitaka hiyo njia omba usimamiwe, usijifungie chumbani na maji.

Ikikwama

*Hakuna mtaalamu wa lishe karibu.* Nenda kwa nesi au daktari na karatasi moja tu: dawa, HbA1c, mlo mmoja unaosumbua na picha yake, jozi tatu za namba, swali moja. Dakika tano zinatosha kwa swali moja. Uliza pia kama kuna wa kuongea naye kwa simu, siku hizi wengi wanafanya hivyo.

*Stripi ni chache.* Usizimwage kila asubuhi. Zielekeze kwenye jozi za mlo unaouchunguza, wiki nyingine pumzika. Ila kama uko kwenye insulini kuna vipimo vya usalama visivyorukwa, ongea na kliniki.

*Asubuhi iko juu na jana usiku sikula kitu.* Ini linaachia sukari alfajiri homoni za kuamka zikipanda, kwa hiyo kulala njaa sio dawa na kwa wengine kunaongeza matatizo. Hii mara nyingi ni ya kurekebisha dawa, peleka kwa daktari na namba za asubuhi kadhaa.

*Nakula vizuri na bado haishuki.* Kabla ya kulaumu chakula, angalia vingine: homa au kidonda, msongo, kukosa usingizi, dawa kama prednisoloni, stripi zilizoisha muda, insulini iliyokaa kwenye joto, au unachoma sehemu moja kila siku hadi pamekuwa na uvimbe mgumu na insulini haiingii vizuri. Na dawa zenyewe, kweli unazimeza kila siku?

*Wataalamu wawili wamenipa ushauri unaopingana.* Mara nyingi mmoja hakuona dawa zako au majibu ya figo. Mwonyeshe kila mmoja alichosema mwenzake, kwa upole, na uulize "kwa hali yangu hii ni ipi na kwa nini". Anayeweza kueleza kwa nini ndo wa kumfuata. Ikibaki ngoma droo, jaribu ule usiogusa dawa, pima jozi.

*Nyumbani wananipikia tofauti mpaka nimechoka.* Nenda na anayepika kwenye miadi. Mlo wa sahani ile niliyosema wanaweza kula wote mezani, hakuna haja ya sufuria yako peke yako.

*Natapika, nakojoa sana, napumua haraka, pumzi inanuka kama matunda, au nasinzia hovyo.* Hapo usisubiri miadi wala jozi. Nenda hospitali sasa hivi na dawa zako mkononi, na uwaambie mlangoni kwamba una kisukari.